Kifungo na Magoti ya Fundi Bomba

Chumba cha mbele, 6 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Salamu hizi zikukute umeshakula, maana nakujua: ukikaa na ng'ombe unajisahau. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua kila kukicha, ila mdomo hauna ugonjwa. Jana amebishana na muuza magazeti mpaka chai ikapoa. Mimi nina mabibi harusi wanne mezani, wote wanataka kiuno chembamba na wote wanakula. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Nimeita fundi, amelikaza, ameondoka.

Kifungo anakusalimu. Yule mbwa uliyeniletea kwenye kikapu cha nyanya baada ya arobaini ya mume wangu, Mjomba wako, ukasema "Shangazi, usikae unaongea na kuta," sasa ungemwona! Kifua kimepanuka, sauti imekuwa ya mtu mzima. Asubuhi ananisubiri mlangoni na kiatu changu kimoja mdomoni. Nampenda, sikufichi.

Lakini amezuka na tabia. Siwezi kuieleza kwenye karatasi. Ni tabia mbele ya wageni. Jirani wa mlango wa pili anasema nimrudishe kwako au nimfunge mnyororo uani. Wewe ndiye daktari wa wanyama. Mbwa mwenye tabia anafanywaje?

Shangazi yako


Kituo cha mifugo, 21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imesafiri na gari la maziwa, chini ya debe. Inanuka mtindi lakini nimeisoma yote. Mimi mzima. Tunachanja ng'ombe tangu alfajiri, na jana ndama mmoja amenikanyaga kidole cha mguu, akakaa hapohapo kama amefika nyumbani. Simu bado inashika juu ya kilima tu, na huko kilimani kuna fahali asiyependa watu. Kwa hiyo tuandikiane.

Sasa, "tabia." Shangazi, hilo neno ni gunia, nitajuaje lina nini? Anauma? Anabweka? Anakojolea vitambaa vya watu? Anaiba? Siwezi kumtibu mgonjwa aliyefunikwa shuka mpaka kichwani. Na usimfunge mnyororo kabla hujanijibu. Mbwa wa umri huo akifungwa kutwa anaharibika zaidi.

Hapa mkuu wetu wa kituo anastaafu. Kuna maneno maneno ofisini. Si ya barua.

Mwanao


Chumba cha mbele, 10 Machi

Mwanangu,

Kwanza pole na kidole. Baba yako anasema umpake huyo ndama pilipili. Nimemwambia akae kimya. Gauni la kwanza limetoka, bibi harusi amelia kwa furaha, mama yake amelia kwa uwazi wa kifua.

Haya, nasema. Anapanda. Anapanda watu. Unajua mwenyewe namna gani.

Alianza na mto wa kochi, nikanyamaza. Akaja kwenye sanamu yangu ya kuvalisha nguo, akaiangusha na gauni lake juu. Wiki iliyopita alikuja mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye heshima zake na mkoba wake. Nimemsimamisha kwenye kigoda nimpime upindo, Kifungo akamkumbatia mguu kwa mikono yote miwili. "Jamani, ananipenda!" akasema yule mama, anacheka. Akacheka hivyo kwa muda. Halafu akaacha kucheka. Binti anayeolewa alicheka yeye mpaka pini ikamchoma ubavuni. Sijui kama watarudi.

Nimepewa ushauri na mtaa mzima. Mmoja anasema mbwa anataka kuwa mkuu wa nyumba, nimwonyeshe mkuu ni nani. Mwingine anasema kiatu. Nilijaribu kiatu, mara moja. Alikidaka akakimbia nacho, akadhani ni mchezo.

Bomba nalo limeanza tena, safari hii upande wa chini. Fundi alipiga magoti chini ya sinki, na Kifungo akamvamia mgongoni. Maskini hakupiga hata kelele. Alisema tu kwa upole, "Mama Cherehani, naomba msaada. Huyu kijana amenielewa vibaya."

Nijibu haraka. Aibu inanimaliza.

Shangazi yako


Kituo cha mifugo, 27 Machi

Shangazi yangu, shikamoo na pole sana.

Nimecheka mpaka mpishi wa kituo amekuja kuuliza kuna msiba gani. Wewe? Wewe uliyenikalisha mkekani nilipovunja ungo, ukaniambia kila kitu kwa jina lake bila hata kushusha sauti, leo umemaliza wino wa barua nzima kabla ya kuandika neno "anapanda"?

Basi sikiliza. Huyo si mbwa mwovu, wala hataki kutawala nyumba yako. Ni kijana. Damu inachemka, na akisisimka hajui ile furaha aiweke wapi. Mgeni akiingia, harufu mpya, vicheko, mikono hewani, kichwa kinamjaa na mwili unatafuta pa kutokea. Mkicheka, amepata watazamaji. Mkipiga kelele, amepata watazamaji wengi zaidi. Na kiatu kiache kabisa. Ataogopa mkono wako, halafu ile tabia itabaki palepale, na woga juu yake.

Dawa ni kumwahi. Mtazame kabla hajaanza: atazunguka, atahema, ataegemea mguu wa mtu. Hapohapo mwite, mwambie "kaa," akikaa mpe kitu kitamu na umsifu kama bibi harusi. Mfundishe kuwa mlango ukigongwa, mahali pake ni kwenye mkeka wake. Mwanzoni mvalishe kamba kabla hujafungua. Akikuwahi akapanda, usiseme neno; mtoe taratibu, mpeleke chumba kingine kwa muda mfupi, akitulia arudi. Iwe hivyo kila mara. Ukimkataza leo na kesho ukamwachia, utakuwa unamfundisha kubahatisha. Mto wa kochi ufungie kabatini. Asubuhi mtembeze kabla wateja hawajaja, mwache anuse kila nguzo ya mtaa, na mpe kitu kigumu cha kutafuna ukiwa kwenye cherehani. Mpeleke pia kwa daktari wa hapo mjini, maana wakati mwingine ni mkojo unamchoma au ngozi inamwasha, na sisi tunamlaumu bure. Kuhasi kunaweza kupunguza, ila tabia iliyokwisha kuota mizizi haitoki kwa kisu peke yake. Mafunzo hayakwepeki.

Na kwa kuwa anachanganyikiwa zaidi na mtu aliyepiga magoti, mtafute mtu mmoja mpole, mwenye subira, awe anapiga magoti makusudi, tena na tena, wewe ukimtuza Kifungo kila anapobaki ameketi.

Swali la mwisho, ni muhimu: ni nani hasa anayepandwa kuliko wote?

Mwanao


Chumba cha mbele, 19 Aprili

Mwanangu,

Mvua imekata daraja na barua yako imechelewa; karatasi ilikuwa imevimba kama mkate. Lakini imefika. Baba yako goti limepata nafuu, sasa anatembea hadi kwa kinyozi kwenda kubishana na huko.

Nimefanya ulivyosema. Wiki ya kwanza nilitaka kukulaani. Nilikuwa nashona kwa jicho moja, jicho la pili kwa mbwa. Lakini siku moja mlango uligongwa, nikamwona amesimama katikati ya chumba, ananitazama mimi, anautazama mlango, ananitazama mimi. Halafu akaenda mkekani mwenyewe, akaketi, mkia unafagia sakafu. Mwanangu, nilimpa nyama yote iliyokuwa mfukoni. Wale wa kigoda wamerudi! Yule mama alisimama na mkoba ameukinga mguuni kama ngao, ila hakuuhitaji.

Daktari wa mjini ni binti mwenye mikono mitulivu kama yako. Amemkagua, hana ugonjwa wa mkojo wala upele. Akazungumzia kuhasi. Fundi bomba, ambaye ndiye aliyetupeleka kwa kigari chake kile cha mabomba, aliposikia lile neno alisimama ghafla akasema anakwenda kuangalia tairi. Tumekubaliana na daktari tuone kwanza mafunzo yatatufikisha wapi.

Mtu wa kupiga magoti nimempata. Anafaa.

Na hayo maneno maneno ya kazini ni yapi? Umeyataja, ukaondoka.

Shangazi yako


Kituo cha mifugo, 8 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nafurahi kwa Kifungo, tena sana. Jana nilimsimulia mkuu wa kituo habari ya mkoba na ngao, akafuta machozi. Huku nyasi zimerudi na maziwa yamejaa.

Umejibu kila nilichouliza, Shangazi, isipokuwa jambo moja. Anapandwa nani zaidi? Hukuniambia. Mtu wa magoti ni nani? "Anafaa." Nikazitoa barua zako zote, nikazisoma kwa mkupuo mmoja kitandani. Bomba limevuja mwezi wa pili. Likavuja mwezi wa tatu. Mwezi wa nne halijavuja, lakini fundi wake anapeleka mbwa kwa daktari. Ama huyo ni fundi mbovu kuliko wote waliowahi kushika spana, ama kuna habari inanipita.

Nikapanda kilimani, nikamkwepa fahali, nikampigia baba. Alicheka. Halafu akakohoa. Halafu akasema, "Muulize shangazi yako," akakata simu.

Lingine: huenda mwezi wa saba nikarudi nyumbani moja kwa moja. Usiniulize kwa nini. Nisafishie tu kile chumba changu cha nyuma.

Mwanao


Kituo cha mifugo, 15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Gari la maziwa limekuja na kuondoka mara nyingi, sina barua yako. Kama nilivuka mpaka kwa yale maswali, nisamehe. Ni mdomo tu, ulinilea nao. Kama unaumwa, mwambie baba anipigie, nitakuwa kilimani kila Jumapili mchana, fahali apende asipende. Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunifokea.

Mwanao


Chumba cha mbele, 24 Juni

Mwanangu Mdadisi,

Siumwi. Hukunikosea. Barua zako mbili ziko mbele yangu, na hapa nilipo nimeifunika cherehani kitambaa ili isiniite. Nilishindwa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa kubwa kuliko mimi. Sasa ngoja nikusimulie lilivyokuwa.

Anayepandwa kuliko wote alikuwa fundi bomba. Na mtu wa magoti ni huyohuyo. Nilimweleza ulivyoandika, nikiwa nimeangalia ukutani, akasema, "Kazi yangu yote ni ya magoti, Mama Cherehani. Ya bure haitanishinda." Akawa anapita jioni akitoka kazini. Anapiga magoti jikoni, mimi nasimama na vipande vya nyama, Kifungo kwenye mkeka. Anainuka, anapiga tena. Kifungo akibaki ameketi, namsifu kama ulivyosema.

Siku moja jirani wa mlango wa pili akaja kuazima pasi. Hakugonga, alichungulia dirisha la jikoni. Alichokiona ni mwanamume amepiga magoti mbele yangu, na mimi nimeinama, nasema, "Vizuri! Vizuri sana! Kipenzi changu wewe!"

Hakuchukua hata pasi.

Kesho yake asubuhi muuza vitambaa alinipongeza. Muuza nyama alinipongeza, akaniongezea kipande. Adhuhuri baba yako akaingia na fimbo yake, akaketi kwenye kochi, akasema, "Dada, mimi ni kaka yako. Ningependa kusikia mambo haya kabla ya muuza nyama." Nikamwambia ni mafunzo ya mbwa. "Sijawahi kusikia yakiitwa hivyo," akasema.

Jioni fundi akaja, saa yake ileile. Nikajua ameshasikia, maana alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Akapiga magoti kama kawaida. Kifungo akaketi.

"Mama Cherehani," akasema, akiwa bado chini, "mtaa umeshaniozesha."

"Nimesikia. Nitawaambia wanyamaze."

"Usiwaambie."

Nikabaki na nyama mkononi. Nikasema la kwanza lililonijia: kwamba bomba langu sasa ni zima, hana haja ya kujisumbua tena.

"Bomba lako lilipona siku ya kwanza," akasema. "Ile nati ya chini ilikwaruzwa na spana isiyo yangu. Niliiona mwezi wa tatu."

Mwanangu, spana ilikuwa ya marehemu. Na aliyeilegeza nati ni mimi, shangazi yako, mtu mzima, nimelala chali chini ya sinki na tochi mdomoni. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Ningesema, usingeniita tena."

Halafu akasema yaliyokuwa moyoni mwake. Hayo nitabaki nayo. Yalikuwa maneno machache na safi. Kifungo alikaa kwenye mkeka muda wote huo, hakunyanyua hata ukucha, mpaka akaona nimesahau kabisa kumtuza, akabweka mara moja, kwa hasira. Tukacheka, na fundi akashika sinki kuinuka, maana magoti yalikuwa yameshakufa ganzi.

Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nakufikiria wewe. Mjomba wako alikubeba mabegani mpaka miguu yako ikawa inagusa mkanda wake. Siku ya mazishi ulilia kuliko sisi wote. Nilijiambia, nikiandika haya, mtoto atasema Shangazi amesahau upesi. Sijasahau. Kofia yake ya udereva wa treni bado iko kwenye ndoano, na fundi akiingia huisalimia kwanza kabla ya kunisalimia mimi. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa zamu yako. Baba yako amebanwa na mimi akasema ukweli uliomwambia kwa simu: wamekupa ukuu wa kituo, na wewe unataka kukataa ili urudi kunitunza. Mimi si ndama, mwanangu. Nina kazi, nina meno, nina mbwa anayejua kukaa. Chumba chako ni chako na shuka zimefuliwa, njoo utakapo. Lakini usinifanye mimi kuwa sababu ya kuacha kitu unachokipenda. Mzigo huo sitaubeba.

Niandikie ukweli. Fundi bado anangoja jibu, na mimi nangoja la kwako.

Shangazi yako


Kituo cha mifugo, 5 Julai

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako zizini, nimeegemea ubavu wa ng'ombe mmoja mvumilivu sana. Umetaka ukweli, haya. Nilipofika kwenye kofia nililia. Si kwa hasira. Nilimlilia Mjomba kama mtu anavyomlilia mtu wake, halafu nikanawa uso kwenye ndoo, nikajikuta natabasamu peke yangu. Nilikuwa nakuona kwenye ile nyumba kila siku, umekaa na saa ya ukutani inagonga, na hiyo picha ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyumbani. Kumbe picha yenyewe ilikuwa ya zamani. Wewe uko chini ya sinki na tochi mdomoni!

Mpe jibu lake, Shangazi. Usimwache mtu na magoti hayo.

Na mimi nimetoa la kwangu. Leo asubuhi niliingia kwa mkuu, nikamwambia nakubali. Akasema, "Nilidhani una mzigo nyumbani." Nikamwambia mzigo umekataa kubebwa. Nitakuja mwezi wa nane, nikae mpaka harusi ipite, kisha nirudi kwa ng'ombe wangu. Gauni lako ashone mtu mwingine, tafadhali, usije ukajichoma pini kwa kukosa subira.

Kifungo msimlegezee kamba kwa kuwa amefanya vizuri. Siku ya harusi kutakuwa na watu wengi na vicheko vingi, kichwa kitamjaa tena. Kabla wageni hawajaingia atembezwe mpaka achoke, na awe na chumba chake cha kupumzikia.

Kuna jambo moja limenikalia. Nimwite nani? Mjomba ni Mjomba, lile jina lina mwenyewe. Nikimwita Fundi nitakuwa nimemwacha mlangoni. Baba ninaye, na akisikia naita mwingine atabishana mwaka mzima. Muulize mwenyewe anapenda nini.

Mwanao


Chumba cha mbele, 18 Julai

Mwanangu,

Nafurahi, nafurahi, nafurahi. Mkuu wa kituo! Nimewaambia wateja wote, hata wasiouliza. Baba yako anajifanya hajali, lakini kinyozi ameniambia hajabishana na mtu siku mbili, anasimulia wewe tu.

Nimempa fundi jibu lake. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Gauni anashona rafiki yangu wa sokoni, nami nimekatazwa kulitazama. Kifungo anaendelea vizuri. Juzi alimwegemea mguu mtu wa umeme, nikamwita, akaja akaketi, amejaa aibu. Si malaika, ila anasikia.

Lile swali lako nimemfikishia. Alikuwa anakunywa chai mlangoni. Akaweka kikombe chini.

"Mwambie asijisumbue kutafuta," akasema. "Akifika, aite lolote litakalomtoka. Nitaitika."

Shangazi yako